Kusubiri Damu Ifike Kumi

Naandika haya kwa ajili ya mwanamke anayefua mashuka yake mwenyewe kabla watu wa nyumbani hawajaamka. Nilikuwa mwanamke huyo kwa karibu miaka mitatu.

Naitwa Tumaini. Ni fundi cherehani hapa Mbeya, ila nyumbani kwetu ni Kilolo, Iringa. Mume wangu, Baba Neema, anafanya kazi Chunya kwa mkulima wa tumbaku, anarudi mara moja au mbili kwa mwezi. Binti yetu Neema anasoma sekondari ya bweni Nyololo. Siku nyingi nilikuwa peke yangu, kwa hiyo kuficha haikuwa kazi. Siku zangu za mwezi zilikuwa tatu, zikawa saba, zikawa kumi na mbili. Nilikunja vipande vya vitambaa vya wateja mara nne, nikavaa sketi nyeusi, nikasema ni umri tu. Mama zetu nao walipita humo humo wakanyamaza.

Halafu mwili ukaanza kuwa wa mtu mwingine. Viganja vilikuwa vyeupe, na kucha zikabonyea katikati kama vijiko. Masikioni kulikuwa na mlio wa mashine ya kusaga iliyo mbali, unga usioisha. Kilichonitisha kuliko vyote ni harufu ya udongo. Mvua ikinyesha, nilikuwa nasimama ukutani nje, kwenye tofali za kuchoma ambazo hatujazipiga lipu, nanusa. Siku moja Neema alikuwa likizo. Aligeuka kutoka bombani akanikuta nimeweka ulimi ukutani.

"Mama, unafanya nini?"

Ulimi ulikuwa bado na mchanga. Alichukua ndoo yake akaingia ndani, na tangu hapo akawa ananiangalia kwa kuibia.

Mwishoni mwa Novemba nilianguka juu ya cherehani. Jirani alinipeleka hospitali kwa bajaji. Nakumbuka benchi refu la kusubiri, limepakwa rangi ya bluu, na mwanamke aliyekaa pembeni yangu akinisogezea bega lake nilale, bila kuniuliza jina. Walipopima damu, daktari alirudia kipimo mara ya pili.

"Damu yako ni nne," alisema. "Mama, umewezaje kusimama mpaka leo?"

Nilikuwa na uvimbe kwenye kizazi. Ndio uliokuwa unanimaliza kidogo kidogo. Ilibidi nipasuliwe, lakini kwa damu ile nisingeamka mezani. Wangeniongezea damu kwanza, kisha nirudi nyumbani nile, ninywe vidonge, nisubiri mpaka ifike kumi.

Wodini kulikuwa na Tumaini mwingine. Kitanda chake kilikuwa karibu na dirisha, changu karibu na mlango, na manesi walikuwa wanatuita hivyo: Tumaini wa dirishani na Tumaini wa mlangoni. Alikuwa kijana kuliko mimi, Mnyakyusa wa Rungwe, na moyo wake ulikuwa mbovu. Mama yake alifikia kwa ndugu mjini. Kila asubuhi alikuja na hotipoti ya mboga za majani na ugali laini, akakaa kumbembeleza ale. Tumaini wa dirishani alikuwa anageuza uso.

"Mpe huyo mwenzangu," alikuwa anasema. "Ni jina moja, litashiba."

Tulicheka kila mara.

Jumanne moja niliamka nikakuta kitanda cha dirishani hakina shuka. Alikuwa ameondoka alfajiri. Mama yake alifika na hotipoti yake kama kawaida, akaambiwa hapo hapo mlangoni. Hakulia wakati ule. Alikuja taratibu akakaa kwenye kitanda changu, akafungua hotipoti, mvuke ukapanda.

"Tumaini," aliniambia, "kula."

Sikujua anamwita nani. Nilikula. Zilikuwa mboga za mnafu, chungu, zimeungwa kwa karanga. Alinitazama mpaka nikamaliza, akafunga hotipoti, ndipo akaanza kulia.

Saa chache baadaye, nikiwa nimelala, shuka mpaka kichwani, dada mmoja wa kwetu Kilolo alipita wodini. Alikuwa amekuja kumwona mgonjwa wake, na alikuwa amesikia kwamba na mimi nimelazwa. Akamuuliza mtu kwenye korido, "Namtafuta Tumaini." Akajibiwa, "Tumaini amefariki leo alfajiri." Akaangalia ndani akaona godoro tupu, akatoka analia, akapiga simu nyumbani. Simu yangu alikuwa ameondoka nayo Baba Neema, yake ilipoharibika, na Baba Neema alikuwa Chunya mashambani, mahali pasipo na mtandao.

Basi kwetu nikafa.

Kesho yake, saa tano asubuhi, nilikuwa nimekaa kitandani nakunywa uji, chupa ya pili ya damu ikiingia mkononi. Mjomba Petro, kaka yake mama, akasimama mlangoni. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Alinitazama, akatazama chupa, akanitazama tena. 

"Mjomba, shikamoo," nilisema. "Mbona hamkusema mnakuja?"

Hakuitikia. Aliuliza kwa sauti ndogo sana, "Wewe ni nani?"

"Mjomba, ni mimi."

"Taja jina la bibi yako. Mzaa mama."

"Semgeni. Mjomba, kuna nini?"

Alikaa sakafuni, pale pale mlangoni, mtu mzima na koti lake. Nesi alimletea maji. Ilichukua muda kunieleza kwamba nje kwenye maegesho kulikuwa na pikapu, na kwenye pikapu kulikuwa na jeneza, na lilikuwa limepimwa kwa urefu wangu, kwa gauni langu la kipaimara ambalo mama alikuwa bado analo.

Jeneza halikurudi Kilolo. Mama yake Tumaini wa dirishani alikuwa bado uwanjani na ndugu zake, wanahangaika na usafiri. Mjomba aliongea nao. Alipopanda kuniaga, alisema tu, "Limemtosha."

Jioni ile nesi aliniazima simu yake nikampigia mama. Nilisema, "Mama, ni Tuma." Nilisikia nyuma yake wanawake wanaimba nyimbo za msiba, zangu. Akasema, "Usinichezee, wewe uliye huko," akakata. Mjomba naye hakuwa amepiga, alisema jambo kama lile halisemwi kwenye simu; mpaka alipofika nyumbani na pikapu tupu ndipo walipoacha kuimba.

Lakini kaburi lilikuwa limeshachimbwa. Kwetu kaburi lililochimbwa haliachwi wazi, wala halifukiwi tupu. Wakakata mgomba, wakauzika.

Niliruhusiwa mwanzoni mwa Desemba, damu ikiwa saba. Baba Neema alikuwa amerudi mbio, amekonda kwa siku tatu. Yeye hakuwahi kusikia kwamba nimekufa mpaka aliposikia kwamba sijafa, na aliumia kwa yote mawili kwa pamoja. Tulikubaliana nikakae kwa mama, maana Mbeya hakuna wa kunipikia. Nesi alinipa masharti: vidonge kila siku, mboga za majani kila mlo, nizikamulie limao au nile na chungwa, na chai ya rangi nisinywe pamoja na chakula. "Mboga peke yake haitakuponya," alisema, "lakini bila mboga hutafika mezani."

Tulifika Kilolo asubuhi yenye ukungu. Watu walikuwa wamesimama kwenye vibaraza, hakuna aliyetukimbilia kupokea mizigo. "Kamwene," nilisalimia. Waliitikia bila kusogea. Mwanamke mmoja, rafiki yangu wa utotoni, alikuwa amenyoa nywele kwa ajili yangu. Alinijia, akanishika kifundo cha mkono kwa vidole viwili kama anayepima joto la chuma cha pasi, akasema, "Mkono wa baridi hivi?" Na kweli ulikuwa wa baridi. Mtu asiye na damu anakuwa wa baridi.

Mama alitoka jikoni. Alinikumbatia kwa nguvu mpaka nikayumba, kisha akaniingiza ndani haraka.

Neema alikuwa humo. Walikuwa wamemfuata shuleni Nyololo wakamfunga kitambaa cheusi, akalala yatima usiku mmoja na kushinda yatima siku nzima. Sasa shule zimefungwa, anatakiwa kunihudumia. Alikuwa anaweka sahani yangu chini, hatua mbili kutoka nilipo, halafu anarudi kinyumenyume. Alikuwa anaangalia miguu yangu, kama inagusa chini.

"Neema, njoo ukae hapa."

"Niko sawa."

Hakumalizia na "mama". Nilihesabu, wiki nzima hakuliita neno hilo.

Siku moja mchana nilikuwa nimelala chumbani nikawasikia jikoni. Neema aliuliza, "Bibi, una hakika ni yeye?"

Nilisubiri mama acheke au amkaripie. Kisu kilikata mboga, kikakata mboga. Kisha akasema, "Tutajua akipata damu."

Simlaumu. Kulikuwa na siku hata mimi sikuwa na hakika. Nilikuwa nakaa uani kwenye jua nisihisi jua. Sikutoka jasho. Kuku walikuwa wanapita juu ya miguu yangu bila kunikwepa, kama wanapita juu ya gogo. Wageni waliongea habari zangu mbele yangu: "Alikuwa mchapakazi yule." Nilipojitazama kwenye kioo, midomo ilikuwa ya kijivu, na nilijikuta nasubiri yule wa kwenye kioo apepese macho kwanza.

Kilichonishika duniani ni sahani ya mboga. Mama alikuwa anapika mara mbili kwa siku, mchicha na mnafu, na ilipofika Januari, mvua zimekolea, akaanza kuleta majani ya maboga. Sijawahi kuona majani kama yale. Yalikuwa mapana kama sahani, kijani kinachokaribia weusi.

Alinifundisha upya kuyapika, kwa sababu mjini nilikuwa nimeshasahau subira yake. Unachuma machanga ya kwenye ncha, pamoja na maua. Unavunja bua kidogo juu, unavuta nyuzi zishuke mpaka kwenye jani, moja moja, mpaka vidole viwe vya kijani. Unayafikicha kwa viganja ili vinyweleo vife. Unakatakata, unachemsha kwa maji kidogo na chumvi, huyaachi yakalegea sana. Kitunguu, nyanya mbili zilizoiva, kisha karanga za kusaga zilizokorogwa na maji ya vuguvugu. Unakoroga taratibu mpaka yatoe mafuta. Limao unakamulia mezani. Siku za kwanza nilivuta nyuzi tano nikachoka. Baada ya wiki mbili nilikuwa namaliza fungu.

Nilikuwa nakula, choo kinatoka cheusi kama masizi kwa sababu ya vidonge, na siku zangu zikija, sehemu ya nilichokula inaondoka. Ilikuwa kama kujaza ndoo iliyotoboka. Kila baada ya wiki mbili nilikwenda kupima: saba, ikabaki saba, ikawa nane. Neema aliporudi shuleni tulikuwa tunakaribia tisa. Alinipungia mkono akiwa barabarani, mbali.

Mwishoni mwa Januari nilijisikia na nguvu. Mama alikuwa amekwenda kanisani, nikaona nimfurahishe, nikachume mboga mwenyewe. Nilijua shamba letu. Niliingia mstari wa kwanza wa mahindi, sikuona maboga. Ukungu ulikuwa umeshuka, mahindi yananigusa mabega kwa maji ya baridi. Nilitembea mpaka mwisho wa shamba, kule alipozikwa baba, na ndipo nilipoyaona.

Pembeni ya kaburi la baba yalikuwa yameota kwa wingi, lakini kwa umbo. Hayakutambaa ovyo kama maboga yanavyotambaa. Mtu alikuwa ameyarudisha kila yalipotaka kutoka, yakajaa pale pale: kipande kirefu, chembamba, chenye kona nne. Nilisimama pembeni yake. Nilisogea mpaka miguu yangu ikalingana na mwisho mmoja, nikatazama kichwa kingefika wapi. Kilifika pale pale.

Mashine ya kusaga iliwaka masikioni. Nilikaa chini kwenye tope. Kwa wiki nne nilikuwa nakula kutoka kaburini kwangu, nakamulia na limao.

Mama alinikuta hapo na nguo zake za kanisani. Hakuuliza ninafanya nini. Alipandisha gauni akakaa pembeni yangu.

"Umeona," alisema.

"Mama, kwa nini?"

"Udongo ulikuwa umeshachimbwa. Vijana walichimba wakafika chini kabisa. Mgomba umeoza vizuri. Hakuna sehemu nyingine yenye rutuba hivi shambani kwangu."

"Mama."

Aling'oa jani lililotoboka, akalitupa. Kisha akasema bila kunitazama:

"Ulipofika siku ile, nilikushika nikaona hii ni baridi ya kule. Nikajua ardhi imefunguliwa kwa jina lako na bado inakudai. Sasa nifanye nini, niikalie kimya? Nikasema hapana. Ilitaka kumla mwanangu, basi mwanangu ndiye ataila. Jani kwa jani. Mpaka iishe hamu."

"Na wewe? Sijakuona hata siku moja ukila mboga hii."

"Yangu hii? Ni yako peke yako. Hata Neema nilimkataza."

Nimekwenda shule, ninasali, na ninajua kilichopandisha damu yangu ni vidonge na chakula. Lakini nilikaa pale, na sikuweza kusema kwamba mama amekosea. Tulichuma pamoja. Jioni nilikula, na ilikuwa mara ya kwanza tangu nianguke kuomba niongezewe.

Katikati ya Februari mtaalamu wa maabara alitoka na karatasi. "Kumi na moja kasoro kidogo," alisema. Mama aliomba aishike ile karatasi, ingawa hana miwani.

Nilipasuliwa Mbeya mwezi wa Machi. Yalikuwepo maneno. Dada yake Baba Neema alisema nikitolewa kizazi nitakuwa nusu mwanamke, kaka yake atafute mwingine mapema. Baba Neema alimjibu mbele yangu, kwenye benchi la kusubiri: "Dada, mimi nilishaambiwa huyu ni marehemu. Kama ni nusu, nachukua hiyo nusu." Akasaini karatasi. Walitoa kizazi, na uvimbe mmoja ulikuwa mkubwa kama papai changa. Nililia baadaye, siku ya tatu, bila sababu ninayoweza kuieleza, na nesi mmoja mzee alifunga pazia akaniacha nilie.

Hutatoka hospitali ukiwa mpya. Nilitembea nimejikunja kama mwezi mzima. Kidonda kilikuwa kinawasha. Sikuweza kukanyaga pedeli ya cherehani mpaka Mei. Lakini asubuhi moja niliamka nikasikia kimya, nikashtuka, nikatafuta kilichokosekana. Mashine masikioni ilikuwa imezimika.

Kwa hiyo wewe unayefua alfajiri, nenda ukapime. Usisubiri ulimi ufike ukutani. Mwambie mtu mmoja. Mimi nilinyamaza mpaka wengine wakanitangazia mwisho wangu, na kuna binti yangu aliyelipa kwa kunyamaza kwangu kuliko mimi.

Neema alifunga shule mwezi wa Juni, baridi ya Mbeya ikiwa kali, maji asubuhi yanauma mikono. Aliingia na begi lake, akasalimia, akakaa kwenye stuli karibu na mlango. Nilikuwa napika. Nilinunua majani ya maboga sokoni, ya wale wanaomwagilia bondeni, madogo na makavu. Sikuwa na haraka naye. Nilipakua ugali, nikaweka bakuli la mboga katikati ya meza, sahani yangu huku na yake kule, nikakaa, nikaanza kula.

Alikaa muda mrefu kwenye stuli. Kisha alivuta kiti, akanawa, akamega tonge, akachota kutoka kwenye bakuli nililokuwa nachota mimi. Alitafuna. Akatafuna tena. Akatoa kitu kirefu katikati ya meno, akakiangalia kwenye mwanga.

"Mama," alisema, "hii mboga hujaichambua vizuri. Ina nyuzi."

Nilikunywa maji kwanza.

"Basi kesho utachambua wewe," nilimwambia.

"Sawa," alisema, akachota tena.